Uzi: Unataka kuwa fundi wa kuchomelea? Anza kwa kuvunja kazi yako mwenyewe

MshonoWima (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila wiki napata ujumbe wa kijana anayetaka kuingia kwenye uchomeleaji, na karibu wote wanaanza na swali lile lile: ninunue mashine gani? Nimejibu mmoja mmoja vya kutosha, sasa nimeona niyaweke yote hapa. Huu ni mwaka wangu wa 17 kwenye kazi hii. Nilianza kwa kushika athi (kibanio cha waya wa kurudisha umeme) na kupiga gamba (uchafu mgumu unaofunika mshono ukipoa), nikafanya mageti na madirisha, baadaye mapaa ya chuma, na siku hizi nachomelea mabomba.

Mashine tutaizungumzia. Kabla yake tafuta jiliwa (kibanio cha mezani) imara na nyundo nzito, hata kwa kuazima. Sababu ni hii.

Baada ya miaka mitatu ya mageti nilijiona fundi kamili. Mshono wangu ulipangika kama magamba ya samaki, watu waliupiga picha. Nikaenda kufanya mtihani. Nilipewa bamba la milimita 10, kingo zake zimekatwa mshazari ili zikikutana zifanye herufi V. Nikajaza pasi juu ya pasi, nikasugua kwa brashi ya waya, nikakabidhi nikiwa na amani moyoni. Msimamizi akausaga mshono wangu hadi ukalingana na bamba. Uzuri wote ukaisha pale. Akakata vipande viwili vyembamba, kimoja akakiweka kwenye mashine ya kupinda, upande wa shina la mshono (chini kabisa, pale vipande vinapokutana) ukiwa nje. Kilipofika nusu nikasikia mlio mdogo, tik. Kilipotoka kimepinda kama herufi U, katikati kulikuwa na mdomo wazi. Kiwango kilichotumika kinakubali ufa usiozidi milimita 3. Wangu uliingia ukucha wa kidole gumba.

Nilikikodolea macho kile kipande muda mrefu. Ndani kulikuwa na utepe mweusi wa gamba, na chini yake kingo ya bamba bado ilikuwa na mikwaruzo ya grenda, safi kabisa, kama vile moto haukuwahi kufika. Maana yake chuma changu kilikuwa kimelala juu ya chuma kingine, hakikuungana nacho. Miaka mitatu nilikuwa nachomelea bila kuwahi kutazama ndani ya mshono wangu hata mmoja.

Kwa hiyo fanya hivi tangu wiki ya kwanza. Chukua vipande viwili vya bamba la milimita 6, simamisha kimoja katikati ya kingine kama T iliyopinduliwa. Shikiza ncha mbili, kisha chomelea upande mmoja tu. Acha kipoe. Kibane kwenye jiliwa, halafu piga kile kilichosimama kwa nyundo kielekee upande wenye mshono hadi kilale au mshono upasuke. Sasa soma mpasuko. Ukiona kona ya bamba imenyooka na alama za kukatia bado zipo, moto haukufika kwenye shina. Ukiona weusi wa kung'aa kama kioo, hilo ni gamba ulilolifunika. Vitundu kama vya sifongo vinatokana na rodi (kijiti cha chuma chenye ganda kinachoyeyuka kuwa mshono) yenye unyevu, kutu, rangi, au kushika rodi mbali mno. Kijivu chenye chengachenga mpaka kwenye kona, na kona yenyewe imeliwa, hapo umeunganisha chuma.

Kuhusu mkono: rodi ya 6013 (namba ya aina yake) ya milimita 3.2, ile wengi tunaita geji 10, anzia ampea 110 kwa bamba hilo kisha panda au shuka kidogo. Ya milimita 2.5 jaribu karibu na 80. Umbali kutoka ncha ya rodi hadi kwenye chuma uwe sawa na unene wa rodi yenyewe, usizidi. Laza rodi kidogo, digrii 15 hivi, kuelekea unakokwenda. Na usitazame mwanga. Tazama nyuma yake, pale uji wa chuma unapojikusanya. Uji una ukingo wa duara na unang'aa. Gamba linaelea nyuma yake likiwa zito, linatembea polepole kama utando. Kwa 6013 gamba linapenda kukimbilia mbele ya uji, na likifika mbele unalifunika bila kujua. Siku utakapoweza kutofautisha uji na gamba huku unatembea, hiyo ndiyo siku uliyoanza kujua kazi. Masikio nayo yanafanya kazi: rodi ikiwa karibu inavuma kama mvua kubwa juu ya bati, ikiwa mbali inafoka na kutema cheche.

Karibuni kwa maswali.

Geji10

Shikamoo fundi. Nina miaka 19, nimemaliza shule. Niende chuo au nikae kwenye karakana ya mtu? Kila upande unaniambia upande wa pili unapoteza muda.

MshonoWima

Marahaba mdogo wangu. Ukiweza pata vyote viwili, na usione aibu kuanza na kile kilicho karibu. Karakana itakufundisha kitu ambacho vyuo vingi havikipi muda: kupima, kukata, kupanga vipande viwe na pembe ya mraba kabla hujawasha rodi, na kujua chuma kitavutika upande gani kikipoa. Sehemu kubwa ya kazi nzuri imeshaamuliwa kabla mwanga haujawaka. Chuo kitakupa kusoma michoro na alama za mishono, tabia za vyuma mbalimbali, na mikao ambayo kwenye mageti hutaigusa.

Kabla hujalipa ada, omba kuona karakana ya chuo. Uliza kila mwanafunzi anachoma kilo ngapi za rodi kwa muhula. Uliza vibanda vya kuchomelea ni vingapi na wanafunzi ni wangapi. Halafu tazama pipa la vyuma chakavu. Likiwa limejaa vipande vilivyokatwa na kupindwa, hapo watu wanajifunza. Ukikuta mishono mizuri imepangwa ukutani na hakuna hata kipande kimoja kilichovunjwa, tafuta kwingine.

NondoKavu

Mkuu, naheshimu maelezo yako ila hapa kwenye vyeti na mitihani naomba nitofautiane. Nina miaka zaidi ya 20 nachomelea, sina cheti hata kimoja. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Kazi zangu zimesimama hadi leo. Vijana wasitishwe.

MshonoWima

Kaka, kwa kazi unazofanya uko sahihi, na miaka 20 ni miaka 20. Geti haliulizi cheti. Ila kijana akitaka kuingia kwenye mabomba ya mvuke, matangi ya shinikizo, madaraja au meli, hataruhusiwa hata kushika hoda (mpini unaoshika rodi) bila mtihani, na ni haki, kwa sababu kule mshono ukiachia kuna watu chini yake.

Jambo ambalo vijana hawaambiwi ni kwamba cheti cha mchomeleaji si kama cheti cha shule. Kinataja njia ya kuchomelea, aina ya chuma, unene na mkao uliofanyia mtihani. Ukipita kwa bamba lililolala, hujaruhusiwa kuchomelea juu ya kichwa. Wanaosema wana 6G wanamaanisha wamechomelea bomba lililofungwa kwa mshazari wa digrii 45 lisilozungushwa, kwa hiyo wao ndio wanaolizunguka, wima, ubavuni na chini yake, kwenye mshono mmoja. Kwa kiwango cha ISO 9606-1, cha kimataifa cha kupima wachomeleaji, cheti kinatakiwa kithibitishwe kila baada ya miezi 6 kwamba mwenye nacho bado anafanya kazi hiyo. Ukikaa bila kuchomelea, kinakufa mkononi.

MkaguziWaMishono

Naomba kuongeza, maana kazi yangu ni kukagua mishono ya wenzenu.

Fundi amegusa 6013. Mkifika kwenye rodi ya 7018 mambo yanabadilika. Namba zenyewe zinasema: 70 ni nguvu ya mvutano, paundi 70,000 kwa inchi ya mraba, wakati 6013 ni 60,000. Ile 1 ni kwamba inatumika mikao yote. Tarakimu za mwisho zinaeleza ganda la rodi na umeme wake, na ganda la 7018 limetengenezwa liwe na haidrojeni kidogo sana. Ndiyo maana unyevu ni adui yake mkubwa. Maji yaliyoingia kwenye ganda yakipigwa na moto yanatoa haidrojeni, inazama ndani ya chuma cha moto, na chuma kigumu kikipoa kinapasuka pembeni ya mshono. Hakipasuki mbele yako. Kinaweza kupasuka usiku, au kesho yake. Kwa baadhi ya vyuma tunasubiri saa 48 kabla ya kupima kwa sababu hiyo. Nimeona mafundi hodari wanaweka 7018 kwenye ndoo iliyo wazi kama misumari, na inaniuma, kwa sababu mkono wao hauna kosa lolote. Rodi hizo zitunzwe kwenye tanuri la joto, zitolewe chache chache.

Na kwa anayedhani haya ni ya vitabuni: Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady ilikatika karibu kabisa vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, Portland, Oregon, Marekani. Bahari haikuwa imechafuka, meli ilikuwa mpya. Wakati ule meli zilikuwa zimeanza kuchomelewa badala ya kupigwa ribiti (misumari ya kuunganisha mabamba), na wengi waliwalaumu wachomeleaji. Uchunguzi wa meli zilizochomelewa ukaonyesha mengine pia: chuma chenyewe kilikuwa kinakuwa kama kioo kwenye baridi, na kona za mraba za milango ya sitaha zilikusanya nguvu mahali pamoja. Lakini mwili uliochomelewa ni kipande kimoja. Ufa ukianza hauna mahali pa kusimama, unapita kutoka bamba hadi bamba. Kwa ribiti ungeishia kwenye kingo ya bamba la kwanza. Mchomeleaji akijua hivyo hawezi kuacha ufa mdogo kwa kuwa utafunikwa na rangi.

BintiFundi

Asanteni. Mimi ni dada, nimeambiwa hii kazi inataka nguvu za kiume. Pia jana nilishikiza vipande vichache kwa kufumba macho tu, bila ngao. Usiku mzima macho kama yamejaa mchanga, siwezi kutazama taa.

MshonoWima

Pole sana dada. Hilo ni jicho lililoungua. Miale ya urujuanimno imechoma ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, ndiyo maana wengi hulala wazima wakaamka wanalia. Usisugue, usitie kitu chochote ulichoshauriwa na jirani, kaa gizani, na nenda kwa daktari wa macho akuangalie. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili, lakini usirudie. Kufumba macho si kinga. Umechelewa sekunde moja tu, tayari umepigwa, na wanaosimama karibu nawe nao wanapigwa. Kioo namba 10 kinatosha kwa ampea za kujifunzia, 11 ukipanda juu ya 150. Funga shingo na mikono pia, ngozi inababuka vile vile.

Nguvu: rodi haisukumwi. Mkono mtulivu na pumzi ya taratibu vinashinda misuli, na waliofundishwa kwa maelfu kuchomelea meli Marekani wakati wa Vita vya Pili walikuwa pamoja na wanawake. Kitu kimoja tu usikubali: glovu na ngao vya saizi ya mtu mwingine. Glovu kubwa inakunyima kuhisi rodi na utalaumiwa kwa mshono uliopinda.

Nikiwa hapo hapo, moshi. Mwaka 2017 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la 1, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Weka kichwa pembeni ya moshi, usikiinamishe juu yake. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki saga ile zinki kwanza ukiwa umevaa barakoa, usiichome, la sivyo usiku utatetemeka kwa homa. Na usisafishe chuma kwa viyeyusho vyenye klorini kabla ya kuchomelea. Joto na miale huweza kuvigeuza fosijini, gesi iliyotumika kama silaha kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia.

Geji10

Fundi, mashine sasa. Kuna jamaa anasema nianze na MIG, ile ya waya unaotoka wenyewe kwenye bunduki, kwa sababu ni rahisi.

MshonoWima

Ni rahisi kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. MIG itakupa mshono mzuri wa macho siku ya pili. Kwenye bamba nene, ukiwa na moto mdogo, waya unayeyuka na kulala juu ya chuma baridi bila kukishika. Ukiuona kwa nje utaapa ni salama. Ukiupiga nyundo unabanduka mzima kama ganda la jeraha kavu. Anza na rodi, inveta ya umeme wa DC, ikufundishe uji. Ukishausoma uji, MIG utaijua kwa siku chache na TIG, ile ya sindano ya tungsteni na gesi, kwa uvumilivu.

Ukinunua, usidanganywe na ampea kubwa zilizoandikwa mbele. Geuza mashine usome kibao. Ikiandikwa asilimia 60 kwa ampea 200 maana yake katika kila dakika 10 itafanya kazi 6 na kupumzika 4. Mashine nyepesi nyingi zinaandika asilimia 20. Kama unachomelea kwa 110 haitakusumbua, lakini ujue unachonunua.

BintiFundi

Nimepata nafuu, na nilienda kwa daktari. Swali la mwisho: kazi ya kwanza naipataje nikiwa sina jina?

MshonoWima

Nashukuru umeenda. Nenda na vipande. Picha za simu kila mtu anazo. Wewe beba vipande vitatu: T iliyovunjwa ikionyesha kona imeliwa, kingine kilichokatwa katikati na kusagwa laini ili mtu aone hakuna tundu, na cha tatu kilichopindwa kama U bila ufa. Weka mezani, nyamaza. Fundi anayejua kazi atavigeuza geuza mwenyewe. Mimi hivyo ndivyo nilivyochukuliwa kwenye mabomba, mwaka mmoja baada ya ule mtihani nilioanguka.

Utapewa kazi za msaidizi kwanza: kusaga, kubeba, kushikiza. Kubali, ila omba saa moja ya vyuma chakavu kila jioni. Ukianza kupokea kazi zako, hesabu rodi, diski za grenda, umeme, na muda wa kupanga vipande, maana wengi huhesabu muda wa kuchoma tu wakashangaa hawabaki na kitu. Na jifunze kukataa. Pipa au tangi lililowahi kuwa na mafuta usiliguse kwa moto, hata mteja akiapa ni tupu. Tupu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mvuke uliobaki umechanganyika na hewa. Kuna kijana mwenzetu tulizika kwa pipa la namna hiyo, alikuwa anakata mfuniko tu. Mitungi nayo: asetilini isimame wima, shinikizo lake baada ya regyuleta lisizidi bar 1, na mafuta au grisi visikaribie kabisa vali ya oksijeni.

Geji10

Fundi, nimerudi. Nimevunja T kumi. Nane za kwanza zote zina mstari mweusi kwenye kona, kama ulivyosema. Nikapandisha ampea kutoka 100 hadi 115 na kusogeza rodi karibu. Ya 10 kona imeliwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kijivu tupu, isipokuwa sentimita moja hivi pale nilipobadilisha rodi. Pale bado kuna weusi. Niendelee na wima?

MshonoWima

Hongera sana, nimefurahi kuliko unavyodhani. Bado usiende wima. Ile sentimita moja ndiyo kazi ya kesho.

Rodi ikiisha inaacha kishimo. Piga gamba lote kwenye kishimo hicho, sugua kwa brashi hadi king'ae. Washa rodi mpya sentimita moja mbele ya kishimo, upande unaoelekea, kisha rudi nyuma nayo mpaka uji ujaze kishimo chote na kugusa mshono wa zamani, halafu ndipo uanze kwenda mbele. Pale ulipowashia utapita juu yake na kupayeyusha upya, alama haitabaki. Vunja tano ambazo makutano ya rodi yako katikati kabisa ya kipande.

Zikitoka kijivu zote, simamisha bamba, toka chini kwenda juu, punguza ampea 10 hivi, na ukae kidogo kila upande ili kingo isiliwe ikabaki mfereji. Uturushie picha humu, za mpasuko, za mshono usijisumbue.